Ua Moja, Idara Mbili

Mshahara wangu wa kwanza niliupata kwa kumzuia nyuki asifanye kazi yake. Nilikuwa kibarua wa sehemu ya pamba pale Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko wilaya ya Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza, na kazi niliyopewa ilikuwa kufunga maua. Nyumbani walipouliza nafanya nini huko kwa wataalamu, nikawajibu kwamba nafunga maua ya pamba kwa uzi, walicheka sana. Shangazi yangu alisema serikali ina fedha za kuchezea.

Kazi yenyewe ilihitaji jicho kuliko nguvu. Ua la pamba hufunguka asubuhi, jeupe lenye umanjano wa mbali, na kesho yake limeshageuka la waridi, linanyauka na kudondoka. Ukitaka lijichavushe lenyewe, bila chavua ya jirani kuingia, lazima uliwahi jioni ya kuamkia siku ile. Unapita kwenye mstari jua likianza kuzama, unatafuta tumba la ua ambalo petali zake zimejisokota na kuchomoza juu ya vile vijani vitatu vinavyolizunguka. Hilo ndilo la kesho. Unalifunga ncha kwa uzi ili petali zisiachane, kisha ule mkia wa uzi unaufunga kwenye kikonyo. Ua likidondoka, uzi hubaki na kitumba. Wakati wa mavuno kila kitumba chenye uzi huchumwa peke yake na kuingia kwenye mfuko wa karatasi wenye namba ya mstari. Visivyo na uzi huenda na pamba ya kawaida.

Msimamizi wetu, mzee mmoja Mjita aliyekuwa na kofia ya ukili, alitueleza sababu kwa maneno machache. Chavua ya pamba ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Ikionekana imetoka mmea huu ikaenda mmea ule, imebebwa na mdudu. Mtaalamu amechagua mstari mmoja kwa miaka mingi kwa sababu haushambuliwi na ugonjwa fulani. Nyuki anatoka mstari wa jirani na miguu ya njano, anatua mara moja, na mbegu ya ua lile si ya mstari ule tena. Kwa hiyo tulimtazama nyuki kama mwizi.

Miaka mingi baadaye nilianza kufuga nyuki mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kusoma historia ya mambo haya mawili kwa pamoja. Nilichokiona kinanisumbua hadi leo. Watu wa pamba wana historia yao ndefu na ya kujivunia, na nyuki anatajwa humo kama mchafuzi wa mbegu. Watu wa nyuki nao wana historia yao, na pamba haitajwi humo isipokuwa pale panapozungumzwa sumu. Utafiti wa pamba uko upande wa Kilimo, nyuki wako Maliasili pamoja na misitu. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ua ni lile lile moja, na yaliyolipata ua hilo hayakuandikwa na upande wowote.

Pamba haikuanzia Ukiriguru. Wajerumani waliisukuma kwanza kusini na pwani. Kule Rufiji walikuwa na kituo cha pamba cha Mpanganya, na katika nchi ya ndani ya Kilwa waliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida, kwa ujira usiotosha hata chumvi. Watu wale walikuwa na bidhaa zao za kuuza tangu zamani. Walikusanya mpira wa porini, na walirina asali wakauza nta kwa wafanyabiashara wa pwani. Kazi ya nta ilifuata majira ya pori, na faida yake ilibaki nyumbani. Shamba la pamba la jumbe lilifuata saa ya nyapara. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Matumbi, watu waling'oa mashina ya pamba, na hiyo ikawa ishara ya vita vya Majimaji. Sijaona historia ya pamba nchini mwetu inayoweza kuanza bila mashina yale yaliyong'olewa.

Kanda ya Ziwa ilikwenda njia nyingine. Upande wa Uganda, K. E. Borup wa Kampuni ya Uganda aligawa mbegu za pamba ya Kimarekani mwaka 1903, na zao likashika haraka kwa sababu mkulima alilima shamba lake mwenyewe. Kwetu Usukuma pia pamba iliota mizizi kwenye mashamba ya kaya. Ilifaa udongo wetu wa kichanga tuuitao luseni, ilivumilia mvua zisizotabirika, na ilileta fedha za kodi na za ng'ombe. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikuwa na haja kubwa. Viwanda vya Lancashire vilitegemea mno pamba ya Marekani, na mwaka 1921 Shirika la Ukuzaji Pamba la Dola ya Kiingereza likapewa hati ya kifalme ili kuitafuta pamba ndani ya makoloni. Shirika hilo ndilo lililopeleka wazalishaji wa mbegu kwenye vituo vya Afrika, kuanzia Barberton kule Afrika Kusini hadi Sudan, Namulonge kule Uganda, na kwetu Ukiriguru, kituo kilichoanza miaka ya 1930.

Adui wa kwanza alikuwa mdudu mdogo wa kijani anayekimbia kiupandeupande ukigeuza jani. Tunamwita chawajani. Anafyonza utomvu, kingo za jani zinageuka nyekundu na kujikunja, mmea unadumaa. Kule Barberton, mtafiti F. R. Parnell na wenzake walikuwa wamegundua siri yake: mmea wenye majani yenye manyoya mengi haumpendezi. Manyoya humzuia kufikia mishipa ya jani, mahali anapotaga mayai. Aina iliyozaliwa na kazi hiyo, iliyoitwa U4, ilisambaa sehemu nyingi za Afrika. Ukiriguru ilifuata njia hiyo hiyo ya manyoya. J. E. Peat na wenzake walichagua mimea mwaka hadi mwaka, na rekodi yao ya uzalishaji wa mbegu za Kanda ya Ziwa inaanzia msimu wa 1939/40. Sisi vibarua wa baadaye tulirithi mtihani wao. Ulilishika jani, ukalielekeza penye mwanga, ukatazama upande wa chini. Mzee wa Kijita alikuwa akilipitisha jani mdomoni, kwenye midomo yenyewe, na kutaja kiwango cha manyoya bila kutazama.

Baada ya chawajani yakaja magonjwa. Kulikuwa na ugonjwa wa bakteria unaotia jani madoa yenye pembe na kuyafanya matawi kuwa meusi. Mtafiti R. L. Knight alitumia miaka mingi Sudan kuhamisha ukinzani wa ugonjwa huo kutoka aina moja ya pamba kwenda nyingine, na matunda ya kazi hiyo yakafika hadi huku. Kisha ukaja mnyauko fuzari, kuvu anayekaa ardhini miaka na miaka. Mmea mzuri wenye vitumba unakauka ndani ya siku chache, na ukipasua shina unakuta ndani kuna rangi ya kahawia. Hakuna dawa ya kupiga. Kinga ni mbegu inayostahimili, na mbegu hiyo haipatikani kwa bahati. Inatafutwa kwa kupanda maelfu ya mimea mahali penye ugonjwa na kubaki na ile michache inayosimama.

Ndiyo maana majina ya pamba yetu ni kama kalenda. UK ni Ukiriguru, na namba ni mwaka. UK68, UK74, UK77, UK82, UK91, hadi UKM08 ya mwaka 2008. Nyuma ya kila namba kuna watu walioinama kwenye mistari ile kwa misimu zaidi ya kumi. Kila mmea ulipimwa: manyoya, ugonjwa, uzito wa kitumba, kiasi cha pamba nyuzi kinachopatikana kwenye pamba mbegu, urefu na uimara wa nyuzi. Daftari lilikuwa na safu kwa kila kitu ambacho kiwanda au mkulima angeuliza.

Safu ya nyuki haikuwamo. Kwa mzalishaji wa mbegu, nyuki alikuwa asilimia ya uchafuzi, basi. Alijulikana kwa kiasi cha mbegu zilizochanganyika kwenye mistari isiyofungwa. Wakati mwingine tulipanda pamba yenye majani mekundu katikati ya pamba ya kijani, halafu msimu uliofuata tunahesabu miche yenye wekundu iliyotoka kwenye mbegu za ile ya kijani. Kila mche mwekundu ulikuwa ni ushahidi kwamba nyuki alipita. Ulikuwa ushahidi mzuri sana wa kazi yake, na tuliusoma kama hesabu ya hasara.

Pamba inaweza kujichavusha yenyewe, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumdharau. Lakini ukikaa shambani saa tatu asubuhi utaona jambo ambalo linahitaji kuangaliwa kwa karibu. Nyuki wa asali haingii kwenye ua la pamba kwa ajili ya chavua. Punje za chavua ya pamba ni kubwa na zina miiba, hazishikamani vizuri kwenye vikapu vya miguu yake. Anaingia kutafuta mbochi ulioko chini kabisa ya ua, anatoka ameloa unga wa njano mwili mzima, anatua kwenye jani la karibu na kuanza kujifuta kwa hasira, akiudondosha. Hivyo anachavusha kwa vile tu anachafuka. Tena mara nyingi haingii ndani ya ua kabisa. Pamba ina tezi za mbochi nje ya ua, chini ya kile kijani kinachozunguka tumba, na kwenye mshipa mkubwa wa jani upande wa chini. Geuza jani utaona kishimo kidogo kinachong'aa. Tezi hizo hufanya kazi hata kabla ua la kwanza halijafunguka na baada ya la mwisho kudondoka. Kwa mfugaji nyuki hilo ni jambo kubwa: shamba la pamba ni malisho kwa wiki nyingi. Asali yake ni nyeupe na huganda upesi.

Tezi hizo nazo wazalishaji wa mbegu walizijua, kwa sababu nyingine. Nondo wa funza wa vitumba na wadudu wengine waharibifu hunywa humo. Huko Marekani, miaka ya 1960, tabia ya kutokuwa na tezi ilichukuliwa kutoka pamba pori ya visiwa vya Hawaii na kuingizwa kwenye pamba ya kawaida, ili waharibifu wakose kinywaji. Kwa mtu wa pamba lilikuwa wazo safi. Mtu wa nyuki angekuwa na swali la kuuliza, kama angekuwa kwenye kikao.

Historia ya upande wa pili inaanzia Tabora. Nchi ya Wanyamwezi ni nchi ya miombo, na miombo ni nchi ya nyuki. Mizinga ya magome ya mtundu ilitundikwa juu ya miti maelfu kwa maelfu, na nta yake ilisafiri na misafara kwenda pwani kabla reli haijafika. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni iliunda kitengo cha ufugaji nyuki. Mtaalamu aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni F. G. Smith. Alizunguka nchi akipima mabawa na rangi za nyuki, na mwaka 1961 akawapa majina nyuki wa aina mbili wa huku kwetu, nyuki wa milimani, kama wa Kilimanjaro na Meru, na nyuki wa pwani. Kitabu chake juu ya ufugaji nyuki katika nchi za joto kilitoka mwaka 1960 na kikasomwa mbali sana.

Ni enzi hiyo hiyo, mwaka 1956, ndipo Warwick Estevam Kerr, mtaalamu wa vinasaba kutoka Brazili, alipokuja Afrika kutafuta malkia. Nyuki wa Kizungu waliopelekwa Brazili walikuwa hawazalishi vizuri kwenye joto. Kerr alichukua malkia kutoka Tabora na kutoka Pretoria, na wengi wa waliosalimika safari walikuwa wa Pretoria. Mwaka 1957, karibu na Rio Claro katika jimbo la São Paulo, mtu aliondoa vizuizi vya malkia kwenye mizinga, na makundi 26 yakatoroka. Vizazi vyao, vikichanganyika na nyuki wa Kizungu, vilipanda hadi kufika Texas mwaka 1990. Magazeti ya Marekani yakawaita nyuki wauaji. Wafugaji wa Brazili walilia kwanza, kisha wakajifunza kuwafuga, na leo wanapozungumzia nyuki wao hutaja kwa fahari kwamba wanavumilia kupe wa varoa, mdudu anayewadhoofisha nyuki, bila dawa.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya mbegu na mdudu. Pamba ya Usukuma imezalishwa na binadamu kwa karibu karne nzima, na ukiiacha misimu michache bila kituo cha utafiti inaanza kuharibika. Nyuki wa Usukuma hakuna aliyemzalisha. Mfugaji wetu hutundika mzinga mtupu, akaupaka nta ndani, na kundi linakuja lenyewe kutoka porini. Likichoka, likiudhiwa na siafu au nyegere, au mbochi ukiisha, linahama. Wataalamu waliona kuhama huko kuwa kasoro ya nyuki wa Kiafrika. Mwaka 2009 kupe wa varoa alipogunduliwa Kenya na Tanzania, wengi waliogopa kwamba hasara ya makundi iliyowakuta wafugaji wa Ulaya na Amerika itatukuta na sisi. Utafiti uliofanywa katika maeneo 24 ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta kupe karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini haukukuta kwamba kupe wanapunguza ukubwa wa makundi. Mwaka huo huo taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe ilifungua jijini Nairobi maabara ya rufaa ya Afrika ya afya ya nyuki. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za uvumilivu huo ni ile ile iliyoitwa kasoro: kundi linapohama, majana huachwa nyuma, na kupe anayezaliana ndani ya majana huachwa nayo.

Basi kama nyuki wetu hajambo kwa kupe, kilichomwumiza kwenye nchi ya pamba ni nini? Ni mambo mawili, na yote mawili yaliletwa kwa nia njema.

La kwanza ni shoka. Tangu enzi za C. F. M. Swynnerton na utafiti wake wa mbung'o kule Shinyanga, vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili mbung'o akose kivuli na ng'ombe wapate malisho. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliendeleza ufyekaji, na pamba ikaingia kwenye ardhi iliyofunguliwa. Ng'ombe walinusurika, watu wakapata mashamba. Miti yenye mashimo, ambamo makundi ya nyuki yalikaa, iliondoka pia. Nilipokuwa mtoto, kutoka kwetu ukitazama kuelekea Shinyanga uliona anga na mbuga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha ngitili, yale maeneo ambayo Wasukuma tulikuwa tukiyafunga zamani ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Miti iliporudi kwenye ngitili, nyuki walirudi bila kuitwa.

La pili ni dawa. Hakuna manyoya ya jani yanayomzuia funza wa vitumba. Kwa hiyo baada ya Uhuru, pamoja na mbolea na mikopo ya vyama vya ushirika, zilikuja dawa za kupiga. DDT ilikuwa ya kwanza kuzoeleka, kisha ikaja endosulfani. Zilikuja bomba za kubeba mgongoni, baadaye zikaja zile nyepesi za betri zisizohitaji maji mengi. Ushauri ulikuwa rahisi kukumbukwa: pamba ikianza kutoa maua, anza kupiga, urudie kila baada ya wiki mbili. DDT iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm uliopitishwa mwaka 2001, na endosulfani ikaongezwa mwaka 2011, lakini dawa zilizofuata nazo hazimtambui nyuki.

Tazama ratiba ile. Inahesabu siku, haihesabu saa. Mwezi Machi mmoja niliamka nikakuta mbele ya mizinga yangu zulia jeusi. Waliokufa walikuwa wametoa ulimi nje. Wengine walikuwa hai bado, wanazunguka chali wakitetemeka, na walinzi mlangoni walikuwa wakiwazuia ndugu zao wasiingie, kwa kuwa walirudi na harufu ya kigeni. Nilifuata upande walikokuwa wanatokea hadi shamba la jirani. Kijana wake alikuwa na bomba mgongoni tangu jana, anamalizia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kumbe unapiga saa tatu asubuhi?"

"Ndiyo mzee. Jioni kuna upepo. Na zamu ya bomba la chama ikifika unapiga, ukichelewa analichukua mwingine."

"Na bwana shamba alikwambia nini juu ya saa?"

"Alisema wiki mbili. Saa hakutaja."

Alinionyesha chupa. Onyo la nyuki lilikuwepo, kwa Kiingereza, kwa maandishi madogo, chini kabisa ya karatasi. Kijana yule hakuwa na kosa. Alifanya kila alichofundishwa, na waliomfundisha walifundishwa na utafiti uliomtazama funza na mkulima tu. Tulikubaliana apige baada ya saa kumi na moja jioni, maua yakiwa yamefunga, na anitumie ujumbe siku moja kabla. Haimalizi tatizo, kwa sababu nyuki hurudi kesho kunywa chini ya majani yale yale, lakini zulia la vile halijarudi.

Sasa nirudi kwenye lawama ya uchafuzi, maana hesabu yake inafaa ifanywe upya. Tulimfunga nyuki kwa nyuzi miaka yote ile kwa hofu ya kuchanganya mbegu. Ndani ya mistari ya utafiti hofu hiyo ilikuwa ya haki, na ningefunga tena. Lakini mchanganyiko mkubwa wa mbegu za pamba katika historia yetu haukuletwa na mdudu. Zamani mbegu mpya ilitolewa kwa mpango: inaanza kuzalishwa eneo dogo lililotengwa, mwaka unaofuata inasogea mbele, na ya zamani inaondolewa nyuma yake. Kila jinari ilijua inachambua pamba ya kutoka wapi. Soko huria lilipokuja katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi wengi waliingia, malori yakavuka mipaka ya kanda kufuata bei, na mbegu zikatoka jinari zikiwa zimechanganyika UK82 na UK91, nyingine zikibeba na kuvu wa mnyauko. Lori moja lilifanya kwa usiku mmoja kazi ambayo nyuki wa wilaya nzima wasingeifanya kwa msimu. Ilibidi kuanza upya kutenga maeneo ya kuzalisha mbegu, kama Igunga, na kuisafisha UKM08 hatua kwa hatua.

Wakati huo huo, mahali pengine walianza kumhesabu nyuki upande wa mapato. Watafiti waliofanya kazi Burkina Faso, nchi ya pamba kama sisi na ya mashamba madogo kama yetu, waliyafunika baadhi ya maua wadudu wasiyafikie, wakayaacha mengine wazi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017: pale wachavushaji walipozuiwa, mavuno ya pamba yalipungua kwa wastani wa asilimia 37, na ya ufuta kwa asilimia 59. Niliposoma nilisimama kidogo. Kufunika ua wadudu wasilifikie ndiyo kazi niliyoifanya mimi na wenzangu kila msimu, jioni baada ya jioni. Vitumba vilivyofungwa na visivyofungwa vilikuwa mikononi mwetu, mmea mmoja, shamba moja. Kama ile mifuko ya karatasi ingepimwa pande zote mbili, swali la Burkina Faso lingeulizwa Usukuma miaka mingi kabla. Haikupimwa kwa sababu vitumba visivyo na uzi havikuwa vya mtu. Wa pamba hakuvihitaji, na wa nyuki hakuwa na habari kwamba vipo.

Silaumu kituo. Bila mbegu za Ukiriguru, chawajani na mnyauko vingeimaliza pamba ya Ziwa, na vyama vya ushirika vilivyomlea kiongozi wao Paul Bomani na kuzaa shirikisho lao kubwa la mwaka 1955 visingekuwa na cha kuuza. Silaumu pia watu wa nyuki, walioilinda miombo na kutuachia Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Ninachosema ni kwamba mpaka wa idara mbili ulipita katikati ya ua, na hasara zote nilizozitaja zilitokea mpakani hapo. Ratiba ya dawa iliandikwa bila saa. Vitumba visivyo na uzi vilikwenda na pamba ya kawaida bila kupimwa, na mche mwekundu ukasomwa kama uchafu tu.

Marekebisho yake hayahitaji wizara mpya. Yanahitaji mizinga michache pembeni mwa shamba la majaribio, mtu wa Maliasili akae kwenye kikao cha Kilimo pale aina mpya inapojadiliwa, na daftari liongezwe safu moja baada ya manyoya, mnyauko na urefu wa nyuzi: nyuki wanaitembeleaje aina hii, inawalisha kwa wiki ngapi, na inaongeza vitumba kiasi gani wakiifikia. UK nyingine itatoka, na itapewa mwaka wake. Wengine watauliza inatoa nyuzi kiasi gani kwa kilo. Mimi nitaomba kwanza kuona ile safu, kama imejazwa.